Robo Tatu Mara Tano: Historia Fupi ya Majina ya Sehemu katika Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili akitamka "robo tatu", amekwisha kufanya hesabu ya kuzidisha kabla hajashika chaki. Tazameni muundo wa maneno hayo mawili. "Robo" ni nomino, kama zilivyo "siku" na "pishi". "Tatu" ni idadi yake. Siku tatu ni siku moja iliyohesabiwa mara tatu, pishi tatu ni pishi moja iliyopimwa mara tatu, na robo tatu ni robo moja iliyochukuliwa mara tatu. Vivyo hivyo kwa theluthi mbili. Kile ambacho vitabu vya shule hukiita kuzidisha sehemu kwa namba nzima, na kukitengea sura na kanuni yake, kimo tayari ndani ya sarufi yetu.

Nimefundisha shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, Kiswahili kwa mapenzi na hisabati kwa sababu ya upungufu wa walimu, na sasa nimestaafu hapa kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Katika makala haya nakusudia kueleza majina ya sehemu yalitoka wapi, yalifanya kazi gani katika maisha ya watu, na kwa nini naamini kwamba yakitutoka, tutakuwa tumepoteza zaidi ya msamiati. Malenga mnaosoma ukurasa huu mna sababu ya pekee ya kunisikiliza, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na neno "sehemu" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, sahm, na maana yake ya kale ni mshale, kisha fungu la mtu katika kitu kinachogawanywa. Majina ya sehemu moja moja nayo yalikuja kwa njia hiyo hiyo: nusu, theluthi (au thuluthi), robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui na ushuri, yaani kutoka sehemu ya pili hadi ya kumi. Hayakuja kwa mwalimu wa hesabu. Yaliingia pwani kwa milango miwili: biashara na mirathi.

Mlango wa mirathi ndio uliohitaji usahihi zaidi. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, iliyomo katika Sura ya Nne ya Kurani, inataja mafungu sita tu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Chukueni mfano. Mtu amefariki akaacha mke, mama, watoto wa kiume na wa kike, na ng'ombe 24. Mke anapata thumni, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Mama anapata sudusi. Thumni ya 24 ni 1/8 × 24, ng'ombe 3. Sudusi ya 24 ni 1/6 × 24, ng'ombe 4. Wanaobaki ni 17, nao ni wa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Hapo "ya" imefanya kazi ya alama ya kuzidisha: tunaposema "sudusi ya ishirini na nne" tunaagiza hesabu ifanywe. Namba 24 haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 bila baki, na wanazuoni wa mirathi huiita asili ya masuala. Likumbukeni neno hilo, asili, maana tutakutana nalo tena darasani.

Mlango wa biashara ulikuwa na lugha nyepesi zaidi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi na kisaga ni nusu yake. Aliyekula kibaba kimoja kwa siku alijua bila kuandika kwamba siku saba zingemla pishi moja na vibaba vitatu, yaani pishi moja na robo tatu. Kitabu cha sarufi cha Askofu Edward Steere, kilichotolewa mwaka 1870 kutokana na Kiswahili cha Unguja, kinaonyesha kwamba wafanyabiashara wa wakati ule walikuwa pia na njia ya pili ya kutaja sehemu ya riale, njia ya kupunguza badala ya kuzidisha: robo tatu waliiita kasa robo, yaani nzima isiyotimia kwa robo. Njia hiyo haikufa. Kila tunaposema "saa tatu kasorobo" tunatamka hesabu ya wachuuzi wa Unguja wa miaka 150 iliyopita.

Fedha nayo ilitufundisha. Rupia ya Kihindi, iliyotawala masoko ya pwani kabla ya shilingi, ilikuwa na anna 16, na kila anna pesa 4, jumla pesa 64. Robo tatu ya rupia ni 3/4 × 16, anna 12. Kisha kuna neno thumni, au sumni, ambalo watu wa umri wangu walilitumia kwa senti hamsini. Kijana atashangaa: thumni ni sehemu ya nane, na senti hamsini ni nusu ya shilingi; vipi nane ikawa mbili? Kuzidisha kunalieleza jambo hilo vizuri. Riale ya Maria Theresa ilizidi kidogo tu thamani ya rupia mbili. Upande wa Kenya, rupia ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Kwa hesabu ya soko, basi, riale ilikaribia shilingi nne, na thumni ya nne ni 1/8 × 4, yaani 4/8, nusu ya shilingi. Sarafu zimebadilika, jina limebaki, na ndani ya jina hilo kuna historia ya fedha tatu.

Sasa nawageukia malenga. Maneno haya ya sehemu ni ndugu wa damu wa maneno mnayoyatumia kila siku. Tathlitha, shairi la mishororo mitatu katika ubeti, ina mzizi mmoja na theluthi. Tarbia ni ndugu wa robo, takhmisa wa humusi, tasdisa wa sudusi. Mzizi mmoja wa Kiarabu umetoa kwa upande mmoja jina la ubeti mzima na kwa upande wa pili jina la mshororo wake mmoja, kwa kuwa mshororo mmoja wa tarbia ni robo ya ubeti, na mshororo mmoja wa tasdisa ni sudusi yake. Mtunzi aliyeandika mishororo mitano ya tasdisa akakwama, ana sudusi tano mkononi. Hata mizani mnazozihesabu ni neno la sokoni, lile lile la chombo cha kupimia uzito. Mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani 16, ukwapi 8 na utao 8, kwa hiyo ubeti mzima una mizani 64. Hizo ndizo anna na pesa za rupia. Imesadifu tu kuwa hivyo, lakini ni sadfa ambayo mshairi wa zamani aliyekaa dukani angeweza kuifurahia: kila ubeti ni rupia moja, na kila mshororo ni robo yake.

Undugu wa ushairi na sehemu ulipata jina rasmi baada ya Uhuru. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, na mwaka huo huo sheria ya Bunge iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kabla ya hapo madarasa ya juu ya shule ya msingi yalifundishwa kwa Kiingereza. Mimi ni wa kizazi kilichoanza darasa la kwanza mara baada ya mageuzi hayo, tukawa miongoni mwa wa kwanza kuisoma hesabu yote ya msingi kwa lugha tuliyokuwa tukichezea. Vitabu vilihitaji istilahi. Namba ya chini katika sehemu iliitwa asili, na hapo ndipo tunakutana tena na neno la wanazuoni wa mirathi. Namba ya juu iliitwa kiasi. Na sehemu ambayo kiasi chake kimezidi asili yake, kama 15/4, iliitwa sehemu guni.

Guni! Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuambiwa guni ni nini. Ni shairi lililokosea vina au mizani, ambalo mshororo wake mmoja umezidi au umepungua. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mizani na vina vilikuwa ndiyo nguzo za sheria hizo, na shairi guni ni lile lisilosimama juu ya nguzo hizo. Kwa hiyo mtoto aliyeandika 15/4 ubaoni aliambiwa, kwa lugha ya malenga, kwamba namba yake imezidi mizani na anapaswa kuitengeneza isomeke 3 na robo tatu. Sijui lugha nyingi ambazo darasa la hesabu limeazima neno kutoka baraza la washairi. Yetu imefanya hivyo.

Na sehemu guni huzaliwa wapi? Huzaliwa hasa pale sehemu inapozidishwa kwa namba nzima. Mama lishe hapa Ramadhani anayepika robo tatu ya kilo ya maharage kwa siku, kwa siku tano anahitaji robo tatu mara tano. Hesabu hiyo inafanywaje? Lugha inatuongoza: robo tatu mara tano ni robo kumi na tano. Jina limebaki robo, idadi imepanda kutoka tatu hadi kumi na tano. Robo nne ni kilo moja, basi robo kumi na tano ni kilo tatu na robo tatu. Kanuni ya kitabu, kwamba tunazidisha kiasi na kuiacha asili kama ilivyo, haina fumbo lolote: asili ni jina, kiasi ni idadi. Ukizidisha siku tatu kwa tano unapata siku kumi na tano. Neno siku halibadiliki. Katika Kilatini pia, maneno ambayo Wazungu waliyatumia kwa namba hizo mbili yana maana ya mtaja jina na mhesabu. Wao wamesahau maana hizo kwa kuwa lugha ile imezeeka vinywani mwao. Sisi tunaisikia maana kila tunapokwenda dukani.

Twendeni sasa Makambako, mwendo usio mrefu kutoka hapa, mahali ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Ni mji wa magunia. Mahindi, maharage na viazi vya nyanda hizi hupita hapo kuelekea Dar es Salaam na kwingineko. Vipimo vya soko ni sado, debo na gunia. Debo la lita 20 hujazwa na sado tano za lita 4. Kwa hiyo sado ni humusi ya debo, ingawa sokoni hutamsikia mtu akisema humusi. Aliyenunua sado tatu amenunua humusi tatu za debo, 3/5 × 20, lita 12. Na gunia linalohesabiwa kuwa la debo sita lina sudusi sita. Kila debo ni sudusi moja.

Hapo ndipo linapoingia jambo zito, nalo ni lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake haziruhusu gunia la mazao kufungashwa kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukilikemea jambo hilo mwaka hadi mwaka. Hata hivyo gunia hushonewa kilemba juu, likapokea debo la saba, na bei ikabaki ya gunia moja. Kwa lugha ya darasa, gunia hilo ni 7/6. Ni sudusi saba, sehemu guni iliyosimama kando ya barabara. Mkulima akiliona moja, husema debo moja si kitu. Lakini hauzi moja. Akiuza thelathini, ametoa sudusi saba mara thelathini, yaani sudusi 210, na 210 kwa 6 ni 35. Amelipwa magunia 30, ametoa 35. Magunia matano yamekwenda bure, na hakuna aliyemwibia usiku. Ameyabeba mwenyewe kwa mgongo wake hadi kwenye lori. Kosa la kudharau sehemu ndogo hujificha katika gunia moja na huonekana tu linapozidishwa.

Ndiyo maana siwezi kuyaona majina haya kuwa pambo. Hata dola huyategemea. Ibara ya 98 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inataka muswada wa kuibadili Katiba uungwe mkono na Wabunge wasiopungua theluthi mbili ya Wabunge wote. Na kwa mambo mazito yaliyoorodheshwa, theluthi mbili ya Wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kila upande peke yake. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameandika kwamba watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika chombo cha kuchaguliwa. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Thuluthi mbili ya 349 ni 698/3, sehemu guni, ambayo ikitengenezwa ni 232 na thuluthi mbili. Hakuna thuluthi mbili ya mbunge. Basi wanaume wasizidi 232, na wanawake wasipungue 117. Kwa ajili ya hesabu hiyo, Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza. Mwananchi asiyejua thuluthi ni nini hawezi kujua ugomvi ule ulihusu nini.

Pamoja na hayo yote, majina yanatutoka. Magazeti huandika "moja ya tatu" na "mbili ya tatu". Darasani 3/4 husomwa "tatu ya nne", au mbaya zaidi "tatu juu ya nne", kana kwamba namba moja imepanda ngazi. Tumekwisha kuona kwamba "ya" katika "robo ya ishirini" ni agizo la kuzidisha. Mtoto mwenye masikio atauliza kwa nini "tatu ya nne" isiwe kumi na mbili, na swali lake ni la haki. Kisha mtoto huyo huyo anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inabadilika kuwa Kiingereza, na asili, kiasi na sehemu guni vinaachwa mlangoni. Kanuni anaipata upya, sababu haipati. Katika miaka yangu ya kusahihisha madaftari, jibu potofu nililolikuta mara nyingi kwa 3/4 × 5 ni 15/20. Mwanafunzi amezidisha juu na chini. Lakini 15/20 ni robo tatu ile ile: maharage ya siku tano yamekuwa sawa na ya siku moja. Nilipowaambia walioandika hivyo waisome hesabu kwa Kiswahili, "robo tatu mara tano", hapakutokea aliyesema ishirini popote. Walisema robo kumi na tano, kisha wakalitazama daftari na kucheka.

Wapo watakaosema kwamba majina haya ni ya Kiarabu, ni magumu, na tena yanaishia kumi. Sehemu ya kumi na tatu haina jina la namna hiyo. Hoja ya mwisho ni kweli, nami naikubali. Lakini Kiswahili kina njia yake hapo pia, na ni ya Kibantu. Wakristo wa Njombe hutoa "fungu la kumi", na aliyevuna debo 40 anajua ni debo 4. Fungu la kumi na ushuri ni kitu kimoja kwa majina mawili. Na ushuru unaotozwa mazao kizuizini umetokana na neno hilo hilo la sehemu ya kumi, ingawa kiwango chake leo hakifungwi na kumi. Tukifuata mfano huo, 5/13 ni mafungu matano ya kumi na tatu: jina kwanza, idadi baadaye, na hesabu inabaki salama. Ama kuhusu ugumu, sidhani mtu aliyekwisha kuzoea takhmisa na tasdisa atashindwa na humusi na sudusi.

Kwa hiyo ombi langu kwa malenga ni dogo. Yatumieni majina haya katika tungo zenu pale maudhui yanaporuhusu: subui ya wiki ni siku moja, sudusi ya saa ni dakika kumi, ushuri wa karne ni miaka kumi. Na walimu wenzangu mnaofundisha shule za msingi, mkiandika 3/5 ubaoni, someni humusi tatu, kisha waulizeni watoto humusi tatu mara nne ni humusi ngapi. Watajibu kumi na mbili kabla hamjamaliza kuuliza, na hapo ndipo muwaonyeshe kwamba wameunda sehemu guni, na kwamba ikitengenezwa itakuwa mbili na humusi mbili.